Kompyuta Iliyozima Kioo Si Maiti

 

Katika nyumba nyingi za Waislamu leo imo kompyuta, na ndani ya kompyuta hiyo yamo mambo mengi ya nyumba: vyeti vya watoto, hesabu za duka, orodha ya wanafunzi wa madrasa, wasia wa baba, sauti ya babu marehemu akisoma Qur'ani, na picha za harusi za mabinti zetu ambazo hazikupigwa ili zionwe na wasio maharimu wao. Chombo hiki kikiwa kizima hapana anayekitazama mara mbili. Lakini huja siku kikawashwa, feni ikavuma, taa ndogo ikawaka, na kioo kikabaki cheusi tititi. Hapo nyumba nzima hutaharuki, na maneno huanza: "Imekufa hiyo, iuzeni kwa wanunuzi wa chuma chakavu."

Twapenda kuwaambia wasomaji wetu kuwa hukumu hiyo mara nyingi hutolewa kabla ya ushahidi. Kompyuta iliyozima kioo si maiti mpaka ithibitike, khasa ikiwa giza hilo limekuja baada ya programu yake ya ndani kusasishwa au kuharibika. Na hata ikithibitika kuwa imekufa, yaliyowekwa ndani yake aghlabu yangali hai. Asiyeyajua mambo haya mawili huenda akapoteza mali yake kwa haraka, na huenda pia akazitoa siri za nyumba yake kwa mtu asiyemjua.

Kwanza yataka tujue ni nini hiyo programu ya ndani. Kompyuta inapopata umeme haijui kitu. Haijui kuwa ina kioo, wala kuwa ina kibodi, wala kuwa ina diski yenye vitabu na picha. Ndani ya ubao wake mkuu, ule ambao mafundi wauita madabodi, mna chipu ndogo mno, nayo imeandikwa maagizo ya kuamsha mashine. Maagizo hayo kwa Kiswahili huitwa programu dhibiti, na mafundi wengi huyaita BIOS. Kazi yake ni kama ya mwadhini wa alfajiri. Yeye huviamsha viungo kimoja kimoja: akili ya mashine, kisha kumbukumbu yake ya RAM, kisha kadi ya picha, kisha diski, ndipo Windows au mfumo mwingine unapoitwa kuendelea na kazi. Sasa wasomaji wafahamu vema: hata ile picha ya kwanza juu ya kioo huja kwa amri ya programu hii. Ikikwama kabla ya kufika kwenye kadi ya picha, kioo hakitaonyesha neno lolote, hata ikiwa kioo chenyewe ni kizima na diski ni nzima.

Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981, ambayo kompyuta nyingi za leo zimefuata nyayo zake, ilikuwa na BIOS iliyoandikwa kwenye chipu isiyofutika. Baadaye zikaja chipu zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya, ili mwenye kompyuta asahihishe makosa bila ya kununua chipu nyingine. Katika kompyuta mpya BIOS ya zamani imeachia nafasi yake mfumo uitwao UEFI, ingawa watu wameshikilia jina lile la kale. Neema hii imekuja na mtihani wake, kwani kinachoandikika huharibika kikiandikwa vibaya.

Ulimwengu uliliona jambo hili waziwazi mwaka 1999. Mwaka mmoja kabla yake, mwanafunzi mmoja wa Taiwan aliandika kirusi kilichojulikana kwa jina la CIH. Wengine walikiita Chernobyl, kwa kuwa siku yake ya kulipuka, 26 Aprili, ni siku ile ile ya msiba wa mtambo wa Chernobyl mwaka 1986. Ilipofika tarehe 26 Aprili 1999 kirusi hicho kilizishukia kompyuta nyingi, khasa katika nchi za Asia. Kilifuta sehemu ya mwanzo ya diski, na katika mashine ambazo chipu zao ziliruhusu, kiliandika upuuzi juu ya BIOS. Wenye mashine hizo walibonyeza kitufe cha kuwashia wakaona giza tupu. Lakini mafundi waliojua waliitoa ile chipu, wakaiandika upya au wakatia nyingine, na mashine zikaamka. Na diski nazo, kwa kuwa aghlabu kilichofutwa ni mwanzo wake, wako walioweza kuyaokoa mengi yaliyokuwamo. Basi tazameni: waliozitupa mashine zao siku ile walitupa vitu vizima.

Leo sababu si lazima ziwe kirusi. Umeme hukatika katikati ya kusasisha, jambo ambalo sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa. Au kijana huchukua faili la BIOS la mashine nyingine akalitia katika yake. Au mtu huingia katika mipangilio ya BIOS akabadilisha asiyoyajua. Au ile betri ndogo ya mviringo iliyo juu ya ubao, ambayo aghlabu huandikwa CR2032 na nguvu yake ni volti 3, huisha baada ya miaka, na saa na mipangilio vikapotea.

Waislamu wamefunzwa katika Suratul-Hujurat kuihakiki khabari kabla ya kuitendea kazi. Khabari ya kuwa kompyuta imekufa nayo ni khabari, basi na tuihakiki kwa taratibu, tukianza na yasiyo na gharama wala khatari.

La kwanza ni subira. Ikiwa kioo kimezima mara tu baada ya kusasisha BIOS, usiikatie mashine umeme. Huenda kazi ya kuandika bado inaendelea, na mashine hujizima na kujiwasha yenyewe zaidi ya mara moja. Tena katika kompyuta mpya zenye RAM ya aina ya DDR5, programu dhibiti huipima RAM upya baada ya kusasishwa, na upimaji huo huweza kuchukua dakika kadhaa huku kioo ni cheusi. Iache nusu saa. Wangapi wameua mashine iliyokuwa hai kwa kukosa subira ya muda wa kunywa kikombe cha chai!

La pili ni kuhakikisha kuwa tatizo si la kioo chenyewe. Katika kompyuta ya mezani, angalia waya wa umeme wa kioo na waya wa picha, kisha bonyeza kitufe cha kioo uhakikishe kimechaguliwa tundu ambalo waya umechomekwa. Ikiwa kompyuta ina kadi ya picha ya peke yake, waya uchomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la ubao. Katika kompyuta mpakato, unganisha televisheni au kioo kingine kwa waya wa HDMI. Kisha chukua tochi uimulike skrini kwa upande katika chumba chenye giza: ukiona maandishi hafifu kama kivuli, jua kuwa picha ipo, na kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya skrini tu.

La tatu ni kuitazama kama inapumua. Bonyeza kitufe cha Caps Lock juu ya kibodi. Ikiwa taa yake huwaka na kuzimika kila ubonyezapo, basi aghlabu programu dhibiti inafanya kazi, na ugonjwa uko katika picha. Isikilize pia: mashine nyingine hulia milio, na nyingine huwasha taa ndogo juu ya ubao zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa ya DRAM ikibaki imewaka, itazame RAM. Ikibaki ya VGA, itazame kadi ya picha. Milio nayo ina maana yake, ila kila kampuni ina hesabu yake, basi isomwe katika kitabu cha mashine hiyo.

La nne ni kuumaliza umeme uliosalia ndani. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, na ikiwa ni mpakato yenye betri ya kutoka, itoe. Kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde 30, urudishe umeme, uwashe. Wengi watastaajabu kuona giza likiondoka kwa jambo dogo kama hili.

La tano ni RAM. Umeme ukiwa umechomolewa, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini uondoke, kisha zitoe zile kadi za RAM, zifute miguu yake kwa kitambaa kikavu kisafi, uzirudishe kwa kuzikandamiza mpaka zishike. Zikiwa mbili, jaribu moja moja.

La sita ni kuirudisha mipangilio ya BIOS katika hali ya kiwandani. Umeme ukiwa umechomolewa, toa ile betri ya mviringo, ingoje dakika 10, uirudishe, au utie mpya ikiwa ni ya miaka mingi. Mbao nyingi za kompyuta za mezani zina pini mbili za kazi hii, na kitabu cha ubao huzionyesha mahali zilipo. Lakini fahamuni kuwa njia hii huondoa mipangilio mibaya tu, wala haitengenezi programu yenyewe ikiwa imeandikwa vibaya. Na fahamuni tena kuwa kadi za picha za zamani sana hazisemezani na UEFI ila kwa mpangilio maalumu uitwao CSM. Mpangilio huo ukizimwa, kadi ya zamani hunyamaza na kioo huwa cheusi, ingawa vitu vyote ni vizima. Dawa yake ni kuunganisha kioo kwenye tundu la picha la ubao, ikiwa akili ya mashine ina uwezo wa picha, kisha kuurekebisha mpangilio huo.

La saba, ikiwa giza lingalipo na dalili zote zaonyesha kuwa programu yenyewe ndiyo iliyoharibika, ziko njia za kuirudisha ambazo watengenezaji wenyewe wameziweka. Katika kompyuta nyingi za HP, mtu hushikilia kitufe cha Windows pamoja na herufi B, kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia. Katika nyingi za Dell, hushikiliwa Ctrl na Esc huku waya wa umeme ukichomekwa. Mbao nyingi za mezani za ASUS, MSI na Gigabyte zina kitufe na tundu maalumu la flashi, ambapo faili sahihi la BIOS likiwekwa katika flashi na kupewa jina lililoagizwa, ubao hujiandika upya bila ya kuhitaji kioo. Sharti faili litoke kwa mtengenezaji mwenyewe, na liwe la mashine hiyo hiyo, jina na namba yake, si la inayofanana nayo. Njia hizi zote zikishindikana, bado fundi mwenye chombo cha kuandikia chipu huweza kuiandika upya moja kwa moja. Kazi hii si ya kujaribiwa na mtoto mezani, kwani zipo chipu za volti 3.3 na zipo za volti 1.8, na anayezichanganya huichoma iliyokuwa ya kupona.

Na tunawaonya vijana wetu: kile kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta ya mezani kisifunguliwe kamwe, hata kikiwa kimechomolewa, kwani huhifadhi umeme unaoweza kuua.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mafundi waaminifu wapo, na Mwenyezi Mungu awazidishie. Lakini wapo pia wanaomwambia mjane au mzee, "Mama, ubao umekufa, niachie mashine nikupe kidogo," kisha ikaamshwa nyuma ya pazia na kuuzwa pamoja na vyote vilivyomo. Mama yule hakuuza chuma. Ameuza picha za binti yake, barua za mumewe marehemu, na hesabu za mayatima. Kioo kilikuwa cheusi, lakini diski ilikuwa nzima, na kila kilichomo chasomeka.

Kwa hiyo twasema: kompyuta isitoke nyumbani kwa kuuzwa wala kwa kutupwa ila diski yake imetolewa. Katika nyingi, diski hutoka kwa bisibisi na dakika chache, na huweza kusomwa katika kompyuta nyingine. Lakini ziko mbili zenye sura nyingine. Baadhi ya kompyuta mpya, khasa mpakato za Apple, hifadhi yake imeunganishwa na ubao wenyewe, haitoki. Na kompyuta nyingi za Windows 11 diski zake zimefungwa kwa ufunguo wa siri. Programu dhibiti ikibadilishwa, au diski ikihamishiwa mashine nyingine, huulizwa namba ya tarakimu 48. Namba hiyo aghlabu huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Basi itafuteni leo, kompyuta ingali nzima, muiandike katika karatasi na kuiweka pamoja na hati za nyumba. Asiye nayo siku ya shida, fundi wote wa mjini hawatamsaidia.

Anayempelekea fundi mashine ashike adabu za sharia yetu. Ijara hutaka kazi ijulikane na ujira ujulikane, basi wapatane kabla ya bisibisi kutolewa: ni kiasi gani cha kuchunguza, na ni kiasi gani cha kutengeneza. Namba ya mashine iandikwe, na diski, ikiwa yatoka, ibaki nyumbani, kwani kuiamsha BIOS na kuonyesha picha juu ya kioo hakuihitaji. Na enyi vijana mnaojifunza kazi hii, kumbukeni kuwa wanazuoni wetu wamemtia dhamanani anayejitia kutibu naye hana elimu ya tiba. Mwenye kuandika chipu ya mtu kwa kubahatisha, ikaungua, asiseme ni kadari tu, bali aijue haki iliyo juu yake. Na atakayeona cha nyumba ya mtu ndani ya diski akifiche, kwani sitara ya Muislamu haiondoki kwa kuwa imo ndani ya mashine.

Yaliyobaki ni kinga. Usisasishe BIOS kwa sababu tu umeona toleo jipya. Fanya ikiwa mtengenezaji amesema kuna ubovu wa usalama au kasoro inayokugusa. Ukiamua kufanya, mpakato iwe na betri iliyojaa na waya wake umechomekwa, na ya mezani iwe juu ya betri ya akiba ambayo mafundi huiita UPS. Siku ya mvua na radi iahirishwe. Na kabla ya yote, nakili mambo ya nyumba katika diski nyingine itakayowekwa kabatini. Yule bedui aliyeuliza juu ya ngamia wake alifunzwa kuwa tawakkul haiondoi kamba. Nakala ya pili ndiyo kamba ya zama zetu.

Wahenga wetu wamesema haraka haraka haina baraka. Mwenye kushika taratibu tulizozitaja huenda akaiona mashine yake ikiamka kwa senti chache au bila ya senti, na asipoiona, atajua kwa yakini kilichokufa ni nini na kilichosalia ni nini. Twawaomba wazazi wayasome haya pamoja na watoto wao, na wiki hii hii ile namba ya tarakimu 48 itafutwe na ile nakala ya pili ifanywe, kabla ya kioo kuzimika.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie nyumba zetu na sitara zake, na atupe elimu yenye manufaa na mikono yenye amana. Amin.